Witu Ilivyobadilishwa na Kisiwa cha Raha

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Shuleni tulipitishwa hapo haraka haraka: Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya Mwingereza, ikaacha madai yake Uganda, ikaachia na Witu. Nayo ikapewa, pamoja na mambo mengine, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini kiitwacho Helgoland. Mwalimu akafuta ubao, kengele ikalia.

Hakuna aliyetuambia Helgoland ilikuwa ni nini. Tangu mwaka 1826 kilikuwa kisiwa cha wageni. Watu wenye nafasi zao walipanda meli kutoka Hamburg, wakaenda kuoga maji ya chumvi na kuvuta hewa safi, maana madaktari wa wakati ule waliamini bahari ni dawa ya karibu kila kitu. Mwaka 1841 mshairi mmoja, Hoffmann von Fallersleben, akiwa pale, ndipo alipoandika maneno yaliyokuja kuwa wimbo wa taifa wa Ujerumani. Kwa lugha ya matangazo ya siku hizi, Helgoland ilikuwa kisiwa cha spa.

Tusije tukamsingizia Kaiser. Hakukitaka kisiwa kile aoge. Alitaka ngome ya kulinda mdomo wa mto Elbe, na baadaye kikajazwa mizinga. Lakini jambo lenyewe linabaki pale pale: nchi ya watu, yenye sultani wake, misitu yake na njia yake ya kufikia mto Tana, iliwekwa kwenye mizani moja na mahali ambapo watu wa nchi nyingine walikwenda kupumzika.

Witu haikuwa pori tupu. Sultani wake wa kwanza, Ahmed Fumo Luti, ambaye watu walimwita Simba, alikuwa wa ukoo wa Nabahani wa Pate. Aliukimbia mkono wa Zanzibar, akajenga mji bara, ndani ya msitu, na watoro waliokimbia utumwa kwenye mashamba ya pwani wakapata kwake mahali pa kuishi. Mwaka 1885 ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi kwake. Clemens alikuwa ameshaupanda mto Tana mwaka 1878, kwa hiyo alijua anachokitafuta. Simba naye alikuwa na hesabu yake: Mjerumani amkinge na Zanzibar. Ikafuata hati ya ulinzi kutoka Berlin. Miaka mitano baadaye hati hiyo ikabadilishwa na kisiwa, na Witu haikuulizwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya damu. Septemba 1890 Mjerumani mmoja aitwaye Küntzel na wenzake kadhaa waliuawa Witu. Oktoba, jeshi la wanamaji la Uingereza lilipanda kutoka pwani, likauchoma mji. Basi, ndivyo mkataba ulivyofika kwa watu wa huku.

Nimeanza mbali kwa sababu ukikaa Garsen ukaitazama barabara ya Lamu, unaona biashara ya mwaka 1890 haijafungwa. Raha iko kisiwani. Gharama iko huku bara.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hoteli ni pale ambapo siku ya tatu mgeni hapewi jembe, anapewa bili. Lakini Garsen neno hoteli halina kitanda ndani yake. Hoteli ni chai. Ni mahamri na mbaazi, ni wali na kambare wa mtoni, ni nyama ya mbuzi siku pesa ikiwepo. Ukitaka kulala unaulizia lojing'i. Ndo maana mtoto wa huku akisikia mjomba kaajiriwa hoteli kubwa Lamu, anamwona akikanda chapati mbele ya karai, siyo akibeba taulo nyeupe kando ya bwawa la kuogelea.

Hoteli za Garsen zilizaliwa na kusubiri. Mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000, ukifika hapa unaanza kujitawanya kwenye mabwawa na malisho kabla ya kuingia baharini upande wa Kipini. Kabla ya daraja, gari lilivushwa kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba. Maji yakijaa, kivuko hakiendi. Unakaa. Na mtu aliyekaa lazima ale. Mpokomo anauza embe na ndizi za shamba la kando ya mto, mama wa Kiorma analeta maziwa, mwenye hoteli anaongeza maji kwenye birika. Abiria wa Lamu alikuwa akimjua mtu wa Garsen kwa sura, kwa kuwa mto ulimlazimisha.

Utalii wa kifahari nao ulikuja kutokea kusini, taratibu. Malindi, kilomita kama 110 kutoka hapa, ilikuwa na Lawford's tangu 1934, iliyofunguliwa na ofisa mstaafu wa jeshi la wanamaji la Uingereza. Walowezi walishuka kutoka nyanda za juu kuvua samaki na kunywa. Kisha ukaja mwaka 1967, mwaka ambao ningependa ukumbukwe zaidi kuliko unavyokumbukwa. Aprili ya mwaka huo, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kwenye ghuba ya Ungwana, ghuba ile ile inayopokea maji ya Tana. Wahandisi walihitaji mahali pa kulala na kula, na Malindi ikaanza kujifunza kupika pasta. Mwaka huo huo, Shela, kisiwani Lamu, familia moja kutoka Denmark ilifungua Peponi. Kusini mwa delta roketi, kaskazini mwa delta pepo. Katikati tukabaki sisi na kivuko chetu.

Hata hivyo, kwa muda, raha ilipitia Garsen. Vijana wa Ulaya na Marekani wenye nywele ndefu na mifuko mitupu, waliokuwa wakiita Lamu Kathmandu ya Afrika, walikuja kwa basi. Walikwama mtoni kama kila mtu, wakala kama kila mtu. Hawakuwa na pesa nyingi, ila kile kidogo walichokuwa nacho kilidondoka njiani. Ni wageni wenye pesa walioacha kutuona. Ndege ndogo inaruka Malindi au Nairobi, inatua Manda, mashua inangoja gatini. Ukiwa dirishani unaona mto wenye rangi ya chai ya maziwa ukijikunja kijani kibichi. Wageni hupenda kuipiga picha. Hapo chini ndipo Garsen.

Miaka ya 1990 ndege ziliacha kuwa anasa, zikawa hekima. Majambazi waliokuwa na bunduki walishambulia mabasi ya barabara ya Lamu, serikali ikaamuru magari yaende kwa msafara, askari ndani. Anayejua safari ile anajua kimya chake: konda haimbi, redio imezimwa, kila mtu anatazama vichaka. Mgeni wa kisiwani alisoma habari hiyo kwenye kitabu cha mwongozo, akakata tiketi ya ndege. Aliyezaliwa Witu au Hindi hakuwa na tiketi ya kukata.

Huko kisiwani, wakati huo, raha ilikuwa ikijengwa kwa vitu vyetu. Boriti za mikoko, ambazo majahazi yalizipeleka Uarabuni karne na karne mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982, ziliendelea kushika dari za nchini. Makuti yakaezeka mabanda ya wageni. Hata spa. Wanawake wa Lamu walikuwa na singo yao: asumini, mawaridi, liwa na viungo vingine vya kunukia, vikasagwa na kusuguliwa mwilini mwa bibi harusi siku za kuelekea arusi, na somo wake akimfunza ya ndoa. Siku hizi singo iko kwenye orodha ya huduma, ina bei, ina dakika zake. Mimi sina ugomvi na hilo. Ujuzi wa wanawake ulikuwa ukitumika bure muda mrefu mno, na atakayelipwa alipwe. Swali langu ni dogo tu: katika bei ile, fundi wa singo anaondoka na ngapi?

Delta yenyewe ilijaribu kuingia kwenye biashara hii. Juu ya vilima vya mchanga, karibu na mdomo wa mto, ilikuwapo kambi ndogo ya kifahari, Tana Delta Camp, baadaye ikaitwa Delta Dunes. Mgeni alifika kwa mashua akipita kati ya mikoko, viboko na mamba pembeni, na jioni akala chakula akiwa na bahari upande mmoja na mto upande mwingine. Wazo lilikuwa zuri, na nalisema bila kejeli: kwa mara moja mgeni alikuja kwa ajili ya Tana, si kwa kuiruka.

Halafu ukaja 2011. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba watu wenye silaha waliingia hoteli ya kifahari mkabala na kisiwa cha Kiwayu, wakamuua mgeni Mwingereza na kumteka mkewe. Oktoba 1, mwanamke Mfaransa mlemavu alitekwa nyumbani kwake Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Katikati ya Oktoba jeshi la Kenya likavuka mpaka kuingia Somalia. Hebu tazama mpangilio huo. Vita vina sababu nyingi, lakini majina ya hoteli yamo kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Mwaka uliofuata ulikuwa wetu. Agosti 22, 2012, alfajiri, kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Ikafuata Kilelengwani, ikafuata Kipao. Wapokomo na Waorma walizikana mpaka Januari 2013, na waliokufa walipita 100. Watu walitaja malisho, maji, mashamba makubwa ya miwa yaliyokuwa yamepangwa kwenye delta, na uchaguzi uliokuwa mlangoni. Septemba hiyo hiyo ya 2012, delta ya Tana iliandikishwa kuwa eneo oevu la umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, zaidi ya hekta 163,000. Ndege wa majini wakapata hati mwezi ule ule tuliokuwa tunachimba makaburi.

Juni 2014 ikawa zamu ya Mpeketoni. Julai, Hindi, na Gamba, ambayo iko kwetu Tana River, kituo cha polisi kikavamiwa. Lamu ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Serikali za nchi za nje zikatoa tahadhari za safari, na jina la Tana River likakaa humo pamoja na Lamu. Tahadhari ya namna hiyo si ushauri mtupu. Serikali ikisema usiende, bima ya safari mara nyingi haifanyi kazi, na wakala wa utalii asiye na bima hapeleki mtu. Hoteli ya kisiwani hufunga milango, hupaka rangi, hungoja. Mpishi na mhudumu huambiwa watapigiwa simu.

Na mama wa mahamri? Hakuna tahadhari iliyomtaja, hakuna iliyoondolewa kwa ajili yake. Aliendelea kukanda unga, kwa mabasi machache ya mchana, maana ya usiku yalikatazwa. Wageni wa Manda walirudi kabla ya abiria wa usiku kurudi.

Sasa kuna lami. Barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu, kilomita 135, ambayo mvua moja ilitosha kuigeuza bwawa la tope, inapitika. Lakini ukaguzi upo bado: basi linasimama, abiria wanashuka na vitambulisho mkononi, wanatembea kwa mstari kumpita askari, wanapanda tena. Na barabara ya Lamu inachepukia njia panda ya Minjila, kilomita chache kabla ya kufika Garsen mjini, kwa hiyo hoteli za chai zimehamia huko. Hakuna tena mto wa kumshika abiria kutwa nzima. Konda anapiga ubavu wa basi kwa kiganja.

"Dakika kumi! Chai na choo, dakika kumi!"

"Kumi mwanangu?" mama anamjibu, akiwa ameshika birika. "Hata haijapoa."

"Mama, wafungie kwenye gazeti, watakula mbele."