Tawimto Lisilojua Liendako

Neno "tawimto" nimelitumia miaka mingi bila kulitilia shaka, mpaka siku nilipokaa na ramani ya mto Kapuas. Mto huu uko Borneo, upande wa Indonesia. Una urefu wa kilomita 1,143, na hutajwa kuwa mrefu kuliko mito yote ya visiwani. Unatoka milima ya Müller, unashika njia ya magharibi hadi pwani ya Pontianak. Mashua kubwa za mbao ziitwazo bandong, ambazo ni nyumba na duka kwa pamoja, huupanda mpaka ndani kabisa ya kisiwa.

Pale Sintang, mto Melawi unaingia Kapuas. Karibu na bahari, Kapuas Kecil unachomoka humo humo kwenda zake Pontianak. Yote miwili tungeiita tawimto, ilhali mmoja unaleta maji na mwingine unayachukua! Tawi la mti hupokea maji kutoka shinani. Basi Kapuas Kecil ni tawi kweli; Melawi siyo. Wenyeji huuita mto kama Melawi "anak sungai", yaani mtoto wa mto, na upande wa juu wa mto huuita "hulu", neno ambalo asili yake ni kichwa. Sisi mto tumeupa mlango, kichwa hatukuupa.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni Tawang. Ni mto mfupi unaounganisha Kapuas na maziwa ya Sentarum. Mvua zikizidi, Kapuas hufura, na maji yake hurudi nyuma kupitia Tawang yakayajaza maziwa, hata misitu ikasimama majini. Kiangazi kikiingia, Tawang hugeuka: maziwa huurudishia mto maji yake, na yakikauka sana hubaki tope na vijia vyembamba vya maji. Mto uleule, miezi hii mlishaji, miezi ile mlishwaji.

Hapa watu wa pwani wanalo neno tayari: mkondo. Mvuvi anajua mkondo huenda na maji kujaa, ukarudi na maji kupwa, na hakuna anayeulaumu kwa kugeuka. Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotunga vitabu vya jiografia ni hili: tawi liachieni mto unaochepuka, Melawi uwe mto mlishaji, na Tawang uandikwe Mkondo wa Tawang.