Bunduki Bila Risasi ni Rungu Tu

Wasee, tuanze na neno moja: risasi. Kwa Kiswahili risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, lakini pia ni madini yenyewe, ile metali nzito iliyo ndani ya betri ya gari. Hiyo si bahati. Zamani mtu alichukua risasi na kutengeneza risasi, nyumbani kwake.

Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Chuma hutaka zaidi ya 1,500. Kwa hivyo moto wa makaa unatosha. Unamimina kwenye kalibu, inapoa, unakata ncha, unapata kitu kama goroli. Hapo unachukua gobori, unamwaga baruti mdomoni mwa mtutu, unatia goroli, unashindilia kwa fimbo. Ni polepole, manze, na baruti bado utanunua. Lakini risasi ni yako.

Wazungu walijua hiyo tofauti. Kwenye mkataba wa Brussels wa 1890 walibana biashara ya bunduki za kisasa Afrika. Magobori ya kizamani na baruti ya kawaida ndivyo vilivyoachiwa mlango kidogo.

Sasa panda matatu Kitale, pita Kiminini na Kamukuywa, shuka Webuye, Bungoma. Juu kule ni Chetambe. Wabukusu walikuwa wamepata bunduki kwa misafara ya wafanyabiashara na kwa askari Wasudani. Waingereza walizitaka zirudi. Kikosi kilichotumwa 1894 kiliuawa. 1895 Hobley akaja na jeshi, akapiga Lumboka, halafu ngome ya Chetambe. Wazee wetu wakaanguka.

Sisemi ni risasi peke yake iliyowaangusha. Nasema hivi: bunduki ya askari inakula risasi yenye ganda la shaba na fataki ndani, na hiyo haitoki kwenye jiko la makaa. Inatoka kiwandani, ng'ambo. Ukishika bunduki ya mtu, bado unangoja risasi za mtu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa simu. Simu si yangu kwa kuitengeneza, bando si langu, na mtandao ninaoposti unaweza kunifungia kesho asubuhi. Kila nikipita Chetambe najiuliza: hapa kwangu, kitu gani naweza kuyeyusha mwenyewe?

Wewe je, kalibu yako iko wapi?