Wakati wa Kumweleza Mtoto Kuwa Anayemlea Siye Aliyemzaa

Watoto wengi nchini hulelewa na watu wasiowazaa. Wapo waliochukuliwa na bibi, shangazi au mama mkubwa baada ya wazazi kufariki dunia au kutengana. Wapo waliokuzwa na baba au mama wa kambo tangu wakiwa wachanga. Na wapo walioasiliwa kwa amri ya mahakama. Katika familia hizo swali moja huahirishwa mwaka hadi mwaka: mtoto aelezwe lini?

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kuwa na jina, utaifa na kuwafahamu wazazi waliomzaa pamoja na ndugu zake wa ukoo. Haki ya mtoto kuwajua wazazi wake imo pia katika Ibara ya 7 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Hatari ya kuchelewa

Mtoto asiyeelezwa nyumbani huambiwa na wengine. Binamu hulitamka jambo hilo katika ugomvi, au jirani hulidokeza msibani. Nyaraka nazo husema: cheti cha kuzaliwa huonesha majina ya wazazi, na huhitajika mtoto anapoandikishwa shule, anapojisajili kupata Kitambulisho cha Taifa akitimiza miaka 18, na anapoomba mkopo wa elimu ya juu. Hospitalini, daktari anayechunguza ugonjwa wa kurithi kama selimundu huuliza historia ya familia. Kijana anayeupata ukweli kwa njia hizo huumizwa zaidi na kufichwa kuliko na habari yenyewe, na huanza kutilia shaka hata mapenzi aliyooneshwa.

Maelezo kulingana na umri

Kwa mtoto anayelelewa na ndugu au mzazi wa kambo, ni vyema maelezo yaanze mapema na kuongezwa kadiri anavyokua, badala ya kusubiri siku moja kubwa.

Kabla ya kuanza shule, sentensi fupi hutosha: "Mama aliyekuzaa alifariki, nami nakulea kwa sababu nakupenda." Mtoto wa shule ya msingi huuliza majina, mahali na sababu, ajibiwe kweli, aoneshwe picha na, inapowezekana, akutanishwe na ndugu wa upande huo. Kijana anaweza kuelezwa mambo mazito, kama vile kutelekezwa, kwa lugha isiyomdhalilisha aliyemzaa.

Anayefaa kuzungumza ni mlezi mwenyewe, katika faragha na utulivu. Maelezo yasitolewe kwa hasira, kama adhabu, wala katika kipindi cha msiba au mitihani. Ni muhimu ndugu wa karibu wakubaliane kabla, ili mtoto asipewe habari zinazopingana.

Mtoto aliyeasiliwa

Kwa mtoto aliyeasiliwa rasmi, mzazi anashauriwa kuanza kwa kuonana na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake, ili wakati na namna ya kumweleza viendane na masharti ya sheria na maslahi ya mtoto huyo.

Baada ya kumweleza

Mtoto anaweza kulia, kunyamaza kwa siku kadhaa au kurudia swali lilelile. Mlezi ampe nafasi, amhakikishie kuwa nyumba hiyo bado ni yake, na asichukulie hamu ya kuwajua waliomzaa kuwa utovu wa shukrani. Mtoto akijitenga kwa muda mrefu, akikataa shule au akitoroka nyumbani, mlezi atafute msaada kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au apige simu bila malipo kupitia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.