Mabamba ya Benin na Macho ya Watazamaji

Mabamba ya shaba ya Ufalme wa Benin, kusini mwa Nigeria ya leo, mengi yalisubiwa katika karne ya 16 na ya 17. Mafundi wa chama cha Igun Eronmwon walifinyanga umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo na kulichoma hadi nta ikayeyuka, kisha wakamimina shaba mahali pake. Sehemu kubwa ya shaba hiyo ilitokana na bangili zilizoletwa na Wareno kama fedha ya biashara. Kitabu cha Olfert Dapper cha mwaka 1668 kinaeleza jinsi mabamba yalivyofunika nguzo za jumba la Oba, yaani mfalme.

Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuteka mji wa Benin na kupora maelfu ya vitu. Oba Ovonramwen akahamishiwa Calabar. Mwaka uleule mabamba zaidi ya 300 yalionyeshwa British Museum, London. Wataalamu wa makumbusho hayo, Read na Dalton, walistaajabia ufundi, lakini wakakisia kwamba ujuzi wenyewe huenda ulitoka kwa Wareno au Misri. Mwanaanthropolojia Felix von Luschan wa Berlin alisisitiza kuwa kazi ni ya Waafrika, nayo inalingana na ya mchongaji Benvenuto Cellini wa Italia. Hata sifa hiyo ilipimwa kwa kipimo cha Ulaya.

Kipimo hicho hakitoshi. Katika bamba moja, Oba husimama katikati akiwa mkubwa, na watumishi wake ni wadogo ingawa wako karibu naye: ukubwa huonyesha cheo, si umbali. Majani yaliyochorwa nyuma ni ya mtoni, nayo humhusu Olokun, mungu wa maji. Miguu ya Oba inapokuwa samaki aina ya kambare, anayeishi majini na kuvumilia nchi kavu, humtambulisha mfalme mwenye nguvu za pande zote mbili.

Maana hizo zilihifadhiwa na Waedo, watu wa Benin wenyewe. Jacob Egharevba, mwanahistoria wa Benin, alianza kuchapisha masimulizi ya wazee katika miaka ya 1930, na watafiti wa baadaye wakaketi na mafundi na makuhani. Vitu vilivyowekwa kwanza katika makumbusho ya mila vikaanza kusomwa kama sanaa yenye historia yake. Desemba 2022 Ujerumani ilirudisha 20 kati ya vitu hivyo Nigeria.