Vijiko vya plastiki, na stelingi aliyeficha kwao

Januari 2025 zilivuma habari kwamba Prince Charles Cinema, ukumbi mdogo karibu na Leicester Square jijini London, huenda ukafungiwa milango. Wasimamizi wake walisema mwenye jengo anataka mkataba mpya uwe na kipengele cha kuwatoa kwa notisi ya miezi 6. Watu zaidi ya 100,000 walitia saini kuutetea. Nilisoma habari ile kwa wivu. Drive-in ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1966, iliondoka na sikumbuki nani aliandamana.

Ukumbi huo wa London una mapenzi ya ajabu na filamu moja mbovu kupindukia, The Room, ambayo umekuwa ukiionyesha tangu 2009. Tommy Wiseau aliiandika, akaiongoza, akaitayarisha na kujipa ustelingi: mfanyakazi wa benki anayesalitiwa na mchumba wake na rafiki yake wa karibu. Kisa cha dakika 20, akakivuta hadi 99.

Watazamaji hawakai kimya. Picha ya kijiko ikionekana kwenye fremu mezani, vijiko vya plastiki vinarushwa ukumbi mzima. Waliokulia mabanda ya video, Lufufu akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, hawatashangaa kuona filamu ikijibizwa.

Kwa nini kijiko? Fremu zilitoka dukani na picha zake, na Wiseau hakutaka kupoteza muda kuzibadilisha. Hayo anayasimulia Greg Sestero, aliyeigiza huyo rafiki msaliti, na makala haya yanaegemea sana upande wake. Ndiye mgeni anayealikwa mara kwa mara: husimama mbele, hujibu maswali, kisha huwaita watazamaji wasome naye muswada wa awali. Kitabu chake cha 2013, The Disaster Artist, alichoandika na Tom Bissell, kinaeleza walivyokutana katika darasa la uigizaji San Francisco mwaka 1998, na jinsi tukio fupi la juu ya paa lilivyorudiwa mara 32 kwa sababu Wiseau alisahau maneno aliyoyaandika mwenyewe.

Filamu ilitoka Los Angeles Juni 27, 2003. Wiki mbili ziliingiza dola kama 1,800, nayo inasemekana iligharimu milioni 6. Bango lake la Highland Avenue likabaki pale miaka. Wachache walioiona wakawaita wenzao, maonesho ya usiku wa manane yakaanza.

Lakini pesa zilitoka wapi? Na mwenyewe kwao wapi? Wiseau alisema yeye ni mtu wa New Orleans. Lafudhi yake ikamsuta kila alipofungua mdomo. Mkanada Rick Harper na wenzake wakatengeneza filamu ya uchunguzi, Room Full of Spoons, wakasema alizaliwa Poznań, Poland. Wiseau akakimbilia mahakamani Toronto. Juni 2017 alipata zuio. Novemba likaondolewa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Desemba hiyo filamu ya James Franco iliyotokana na kitabu cha Sestero iliingia kumbini, dunia nzima ikimzungumzia Wiseau, na akina Harper walikuwa wamekosa wasaa wa kuuza kazi yao. Mwaka 2020 Jaji Paul Schabas aliyatupa madai yote. Alimwamuru Wiseau alipe fidia ya dola za Marekani 550,000, na juu yake dola za Kanada 200,000 za kumwadhibu.

Hapo ndipo mtu huyu ananishangaza. Dunia iliicheka kazi aliyoimwagia mamilioni, naye akasema chekeni tu, ni kichekesho cha makusudi. Ila kuulizwa alikozaliwa, akaita mawakili. Mwisho wa 2017 alikiri amekulia Ulaya, mji hakuutaja.

Sestero anaendelea kuzunguka kumbini na muswada wake. Wiseau naye huja, akasaini mipira ya Kimarekani na kuuza chupi zenye jina lake. Swali la kwao likitoka kiti cha nyuma, huchukua la anayefuata.