Safari za masomo zilizojenga upasuaji wa mgongo

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walichapisha makala iliyoonyesha kuwa maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni yanaweza kusababishwa na diski iliyochomoza kati ya pingili na kubana mshipa wa fahamu. Mixter alikuwa mpasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, Barr wa mifupa. Mgongo ukawa na wenyewe wawili, na hadi leo kila mmoja ana la kujifunza kwa mwenzake.

Vyuma, kwa mfano, vilitoka upande wa mifupa. Paul Harrington wa Houston alitangaza mwaka 1962 fito zake za kunyoosha migongo iliyopinda. Mwaka uliofuata, mjini Paris, Raymond Roy-Camille alianza kufunga pingili kwa skrubu. Skrubu hiyo ikipotoka milimita chache tu, inaingia kwenye mfereji wa mgongo. Bingwa aliyezoea kufungua fuvu hawezi kuipata stadi hiyo vitabuni. Lazima asimame kando ya anayeijua.

Hakuna aliyelithibitisha hilo kama Gazi Yasargil, mzaliwa wa Uturuki. Mwaka 1965 alikuwa tayari bingwa mjini Zurich, lakini alikubali kuwa mwanafunzi tena. Alikwenda Burlington, katika jimbo la Vermont, kwenye maabara ya Raymond Donaghy, na kwa zaidi ya mwaka mmoja akashona mishipa midogo ya wanyama chini ya hadubini. Aliporudi Zurich, mwaka 1967 aliipeleka hadubini kwenye ubongo, kisha kwenye diski za kiuno. Mwaka 1977 yeye na Mjerumani Wolfhard Caspar, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha taarifa za upasuaji wa diski kwa tundu dogo. Mtu mmoja alikwenda kusoma, na fani nzima ikabadilika. Lakini tusisahau kwamba aliporudi alikuwa na hadubini ya kufanyia kazi.

Kwetu Tanzania historia hii inapita Muhimbili, Dar es Salaam. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ina bahati ya kuwaweka wapasuaji wa mifupa na wa mishipa ya fahamu chini ya paa moja. Tangu 2008 imeshirikiana na mpasuaji Roger Härtl wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York: madaktari wa Dar es Salaam huenda huko kujifunza, na wakufunzi wa kigeni huja Dar es Salaam kuendesha kozi za vitendo. Kwa maoni yangu safari ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu mkufunzi anafundisha kwa vifaa vilivyopo na kwa wagonjwa wenyewe, wengi wao vijana walioanguka au kupata ajali barabarani.

Kwa majeruhi kama hao muda ni muhimu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa majeruhi wa uti wa shingo wanaopasuliwa ndani ya saa 24 wana nafasi kubwa zaidi ya kupata nafuu. Daktari aliyebobea hawezi kuziwahi saa hizo ikiwa ndugu wa mgonjwa bado wanachangishana fedha za skrubu. Wanaofadhili mafunzo haya, na wizara zinazoyaruhusu, wagharimie pamoja nayo vipandikizi ambavyo daktari huyo atavihitaji akirudi.