Nani Atatunza Maarifa ya Pamoja? Funzo Kutoka Historia ya Wiki

Karani wa miaka mingi anapostaafu, mara nyingi ofisi hugundua kwamba sehemu kubwa ya maarifa yake haikuandikwa popote. Tatizo hili ni la kale. Katika makala haya mafupi twapenda kufuatilia jibu mojawapo lililopatikana katika zama za kompyuta, nalo ni wiki. Neno ambalo hapa halihusiani na juma la siku saba.

Tarehe 25 Machi 1995 Ward Cunningham, mtaalamu wa programu nchini Marekani, alifungua katika intaneti daftari la pamoja la waandishi wa programu. Msomaji yeyote aliweza kusahihisha ukurasa papo hapo. Aliliita WikiWikiWeb, akikumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa Kihawaii, wiki wiki ni haraka haraka.

Lakini wahenga wetu walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Je, daftari ambalo yeyote aweza kulifuta litadumu? Jibu lilikuja hatua kwa hatua. Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001 kwa programu ya UseModWiki. Mwaka 2002 ilihamia programu mpya iliyotengenezwa na Magnus Manske wa Ujerumani, na mwaka huo huo Lee Daniel Crocker akaiandika upya. Mwaka 2003 ikapewa jina la MediaWiki. Humo kila badiliko la ukurasa huhifadhiwa pamoja na tarehe yake, na toleo la awali laweza kurejeshwa. Kosa halifichwi, bali husahihishwa mbele ya wote. Kumbukumbu ndiyo iliyoipa haraka baraka yake.

Jambo la pili ni umiliki. MediaWiki ni programu huria: chuo chochote chaweza kuichukua bila ada, kuichunguza, kuibadili na kuiweka katika seva yake chenyewe. DokuWiki, iliyotolewa na Andreas Gohr mwaka 2004, huandika kurasa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, ambayo ni rahisi kunakiliwa. Faida ya umiliki huo ilidhihirika mwaka 2018, Wikispaces, huduma iliyowatunzia walimu wengi kurasa zao, ilipotangaza kufungwa. Waliopanga katika nyumba ya mwingine iliwapasa kuhamisha vyombo kabla ya mlango kufungwa.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mwenye nyumba ndiye azibaye paa linapovuja. Anayeiweka wiki kwake hana budi kuisasisha programu, kuweka nakala ya akiba katika jengo jingine, na kufundisha zaidi ya mtu mmoja. Asipofanya hivyo, atakuwa amemhamishia karani yule yule katika chumba cha mashine: siku fundi atakapoondoka, funguo zitaondoka naye.

Programu huria hutuondolea ada, haituondolei uwakili. Basi kabla ya kuuliza ni programu ipi iliyo bora, yatupasa kuuliza ni nani aliyekabidhiwa kuitunza, na ni nani atakayepokea kutoka mikononi mwake.